Madirisha ya Alhamisi

Vita vilikwisha. Jambo hili halina mjadala: lilisomwa redioni kwa sauti nzito, likabandikwa ukutani pa posta, na wananchi wakaombwa warejee kwenye shughuli zao za kawaida.

Mshona mapazia alirejea. Alikuwa mtoto wakati ule, kwa hiyo shughuli zake za kawaida zilikuwa kucheza. Baadaye alijifunza cherehani, akavika madirisha ya nusu ya mtaa, akazika mume, na uzeeni akahamia kwa dada yake mkubwa. Nyumba hiyo haikuwa na pazia hata moja. Majirani walilifanyia mzaha, naye akacheka nao. Dada alishasema mapazia yanachelewesha mkono, na dada akishasema amesema.

Mtoto wa dada, kinyozi, aliponunua televisheni mpya aliwaletea ile ya zamani. Kila Alhamisi jioni, baada ya taarifa ya habari, kulikuwa na tamthilia ya vijana wa ndege ya mabomu. Mshona mapazia ilimnasa. Alimpenda zaidi yule mdogo wa mkiani, aliyekaa peke yake na bunduki yake akitazama walikotoka, ingawa kola ya koti lake ilishonwa vibaya na hakuna jeshi lenye akili lingeipokea.

"Mama mdogo," kinyozi alimchokoza, "huyo mchumba wako, barua ya posa ataidondosha kutoka huko huko juu?"

Alijibiwa kwamba akili zake amezisahau kwenye mashine ya kunyolea.

Dada hakutazama. Alikaa jikoni, ila ngurumo za injini zilipoanza kwenye televisheni alikuja sebuleni na kufungua madirisha yote, moja baada ya jingine, bila kugeuza macho. Ndivyo mama yao alivyofanya siku zile, kwa kuwa dirisha lililo wazi halipasuki kwa kishindo. Jioni mtaa wao ulipopigwa mabomu, mama alikuwa anamalizia la mwisho. Vioo vyote vilipona; yeye hapana.

Hayo hayakuzungumzwa. Siku za Alhamisi watu walivaa masweta, basi.

Sasa, Alhamisi moja ndege ilikuwa inarudi na injini moja inawaka moto, na mshona mapazia akajisahau.

"Mungu wangu," alisema, "warudishe salama."

Dada alikuwa ameshika komeo la dirisha.

"Warudi wapakie mabomu mengine?"

Tangu hapo dada hakusema naye tena. Ugomvi mshona mapazia angeuweza, walikuwa wamegombana maisha yao yote na walijua njia ya kurudi. Safari hii dada alipakua, akafunika sahani ya mdogo wake mezani, akaenda kula jikoni. Mshona mapazia alimsemesha kupitia mlangoni akajibiwa na sufuria. Alimwita kinyozi aje aichukue televisheni yake. Mama mtu akamkatalia mwanawe: hataki isemwe kwamba amefukuza sanduku.

Kwa hiyo sehemu ya mwisho ikawakuta wote nyumbani. Mshona mapazia alipunguza sauti hadi ikawa mnong'ono, akakaa ukingoni mwa kochi kama mgeni aliyekuja kuomba kitu. Kinyozi alikaa pembeni yake, hana utani. Hata hivyo injini zilisikika. Dada akaja, akafungua madirisha, na alipofika la mwisho hakuondoka. Alisimama palepale, mgongo kwenye televisheni.

Nyuma ya mgongo huo ndege ilipigwa, ikayumba, ikafika nyumbani. Vijana wakashuka. Kisha watu wa uwanjani wakaleta mpira wa maji, wakaanza kuosha kile kiti cha mkiani, taratibu, bila kutazamana.

"Yule mdogo," dada aliuliza, macho nje. "Wa mkiani. Amerudi?"

Kinyozi alifungua mdomo. Mama mdogo akamkanyaga mguu.

"Amerudi, dada."

"Ana mama?"

"Anaye. Alikuwa anamngoja."

Dada akasema chakula kinapoa, na yeye hana miguu ya kupeleka sahani huku na huku, waje wale pamoja kama watu. Mshona mapazia akainuka haraka kuliko umri wake.

Kabla ya kuketi mezani, dada alizunguka nyumba akifunga madirisha, moja moja, isipokuwa la chumbani kwake, ambalo halijafungwa tangu vita vilipokwisha.