Mahatta ya Ayutthaya

Bibi yangu alipasuliwa goti moja Bangkok, na mimi ndiye niliyefuatana naye, maana ndugu wengine wote wana ofisi. Shangazi alitupa sharti moja: bibi akitoka hospitali akae hotelini mpaka siku ya kurudi Maskati. Akisikia amezurura, goti la pili litapasuliwa hapa hapa Maskati, na safari khalas, basi tena.

Tulikaa hotelini wiki mbili. Ya tatu bibi akasema, "Nshachoka kutazama dari." Tukapanda basi la watalii kwenda Ayutthaya, mji wa wafalme wa zamani, uliozungukwa na mito mitatu.

Mtembezaji wetu alijua Kiarabu, maana wagonjwa wa kwetu ni wengi kule. Bibi aliniagiza niandike yote anayosema mtembezaji. Mimi naandika taratibu. Nilipommaliza mfalme wa kwanza, mtembezaji alikuwa keshafika kwenye vita, na mji umeshaungua.

Tukafika kwenye magofu ya matofali mekundu. Masanamu mengi hayana vichwa, lakini kichwa kimoja kimekumbatiwa na mizizi ya mti, uso umetulia kabisa.

"Hapa ni Mahathat," akasema mtembezaji.

Hilo ni jina la hekalu. Bibi alisikia mahattat, vituo vya basi kwa Kiarabu; kimoja ni mahatta. Akakaa kwenye benchi, mkoba akaupakata.

"Bibi, wenzetu wanaondoka."

"Waache wazunguke na jua lao. Mimi nshafika mahatta."

Kumbishia niliona haya. Tukangoja. Baada ya nusu saa bibi akakitazama kile kichwa. "Maskini, huyu naye kangoja basi mpaka mti umemuotea."

Ijumaa ya kwanza tuliporudi Maskati, shangazi alikuja kwetu, mtaa wa Hamriya, na halua. Mimi nilijibanza nyuma ya birika la kahawa. Alianza kulalamika: mpishi wake kangoja basi saa nzima mahatta ya Ruwi.

Bibi kahawa ikampalia kwa kucheka. "Saa nzima tu? Hakuotewa na mti?"

"Mti gani, mama?"

Shangazi akanigeukia. Mimi nikishikwa na haya, ulimi haufanyi kazi, basi nikampa daftari. Akasoma kwa sauti:

"Mfalme. Moto. Kichwa. Mizizi. Bibi hataki kuondoka."

Akainua macho. "Hoteli gani hii?"

Nikaliona goti la pili likipasuliwa Maskati, na mimi nimekaa nje nikitazama maegesho ya magari.

"Na basi lilikuja?" akauliza shangazi, midomo inamcheza.

"Halikuja," akasema bibi. "Tulilifuata sisi."

"Kwa miguu?"

Bibi akaunyoosha mguu mbele ya halua. "Kwa goti jipya. Nililinunulia nini, kulitazama?"

Shangazi akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akalitia daftari langu kwenye mkoba wake.

"Goti la pili tunakwenda sote watatu," akasema. "Na kuandika nitaandika mimi."