Ramani ambazo baba alisema amezichoma

Jina langu naomba mlifiche, maana mtaani tunajulikana. Nina miaka sabini, ni Mnubi wa Koboko, naishi Arua na mume wangu, Mlugbara wa Ayivu aliyenioa mwaka 1973. Mwezi uliopita nililetewa kitu ambacho kimeniondolea usingizi.

Mume wangu alikuwa mwalimu, na alipenda kukusanya ramani za zamani za kwetu, zile zilizochorwa kwa mkono na kupakwa rangi: mlima Liru, mlima Wati, tembo, mitumbwi ya Naili, nyumba za machifu. Moja ilichorwa Arua ingali ya Wabelgiji; aliachiwa na Muhindi wa duka la vitambaa, mwaka ule Wahindi walipofukuzwa. Nyingine aliifuata kwa baiskeli mpaka Oraba. Jioni alizitandaza kitandani akanionyesha njia waliyokuja nayo babu zangu askari kutoka Sudan. Nilipenda sana jioni zile.

Mwaka 1977 mtu alipeleka maneno kwenye kambi ya jeshi kwamba mwalimu anaficha ramani za kuwapa maadui. Askari walimchukua darasani. Siku ileile baba yangu, askari mstaafu, alipata habari, akafika kutoka kijijini kwake Kuluba, akazikusanya ramani zote kwenye gunia.

"Nyamaza, mwanangu," aliniambia. "Wakipata hii hapa, bwana yako iko kwisha."

Walipokuja kupekua hawakukuta kitu. Mume wangu aliachiliwa baada ya wiki kadhaa, amekonda, mkono mmoja haunyooki. Alikwenda moja kwa moja kwa baba kuulizia ramani zake.

"Nimechoma," baba akamwambia.

"Yote?"

"Yote. Wewe iko hai. Rudi, kaa na bibi yako."

Hakukanyaga tena pale. Mwaka 1979 vita vilipofika, sote tulivuka mpaka tukakimbilia Kaya, upande wa Sudan. Huko baba alifariki kwa homa. Nilimpigia mume wangu magoti aende mazishini.

"Mimi hapana zika mutu ile alichoma kazi yangu," alisema, akageukia ukuta.

Kaka zangu walimzika baba bila mkwe wake, na watu wakaniuliza yuko wapi. Aibu ile bado ninayo kifuani.

Sasa watoto wa kaka yangu wamebomoa nyumba ya baba kule Kuluba ili wajenge mpya. Chini ya sakafu wakakuta sanduku la chuma la kuwekea risasi za bunduki, limezibwa kwa nta. Waliponiletea na kulifungua, ramani zilikuwemo zote, zimeviringishwa ndani ya turubai la jeshi. Kingo zimeliwa na unyevu, lakini rangi zipo. Baba hakuchoma hata moja. Nadhani aliogopa mume wangu angezifuata akakamatwa tena, kisha mauti yakamwahi kabla hajasema.

Mume wangu ana presha, na macho yanamwisha. Daktari amesema hayatatibika. Jana aliniuliza kwa nini nalia. Nikamjibu ni moshi wa jikoni.

Nikimwonyesha sasa, ataziona kwa mara ya mwisho, lakini atajua kwamba mtu ambaye yeye alikataa kumzika ndiye aliyemwokoa, na hana tena wa kumwomba radhi. Nikinyamaza, wanangu wataendelea kumjua babu yao kama mtu aliyemwangamizia baba yao kazi yake.

Ndugu zangu, mimi nimeshindwa kuamua. Mngekuwa nyinyi, mngemwambia?