Maziwa Aliyoyakataa Athanase

Mwaka 1955 Athanase alivuka mpaka kutoka Ruanda, shati jeupe mwilini, viatu vyake vya ualimu vikining'inia shingoni visiharibiwe na tope la Masisi. Alikuwa anarudi interna, ile nyumba ndefu ya udongo alimolala akiwa mwanafunzi wakati wa vita vya Wazungu. Wala hakuja kusalimia tu. Alikuja kuposa. Kayitesi, binti wa Nyirakamana mlezi wa interna, zamani zile alikuwa mtoto wa kuchezea majivu. Mwaka uliopita walikutana harusini Goma, wakapendana na kukubaliana.

Kuposa kuna utaratibu wake. Rukara, baba mdogo wa Athanase, ndiye aliyetakiwa kutangulia kusema, na mchumba hapaswi kuonja kitu mikononi mwa mama mkwe wala kukaa naye uso kwa uso. Lakini walipofika Sake, chini ya milima, Rukara aliteguka mguu, akasema wangoje kesho. Athanase na subira wapi na wapi! Akamwacha huko na mguu wake, akapanda milima peke yake.

Nyirakamana alimpokea kama mtoto aliyetoka likizo. Kabla Athanase hajavaa viatu, mama alishamkagua masikio. Akamtuma kupasua kuni, naye akapasua, mwalimu mzima mwenye darasa lake. Kisha mama akawasimulia wanafunzi wa sasa jinsi Athanase alivyokuwa akililia kwao kila Jumapili. Wakacheka. Kayitesi naye alicheka nyuma ya kizuizi cha matete, na hicho ndicho kilichomkera kuliko vyote.

Yakaja maziwa, yamejaa kikombe cha mti. Athanase akasema ameshiba. Muongo huyo! Tangu Sake hakuwa ametia kitu tumboni. Mama akakirudisha tena, Athanase akasingizia jino. Mama akaleta mgando, maana mgando hauhitaji jino. Athanase akasema amefunga, na siku yenyewe ilikuwa Jumanne, wala hakuna padri aliyetangaza mfungo. Afanye nini? Akinywa, amekuwa mtoto wa nyumba ile, na Kayitesi ni dada yake. Asipokunywa, ametukana ng'ombe na mwenye ng'ombe. Akamlaani Rukara na mguu wake kimoyomoyo, akajilaani na mwenyewe.

Hatimaye Nyirakamana aliketi mbele yake na kikombe mapajani. Hakufoka.

"Miaka yote ile ulikunywa hapa," alisema. "Sasa umekuwa mukubwa, maziwa yangu iko na uchafu?"

Athanase aliona macho ya mama yamelowa. Hapo uvumilivu ukamwishia kabisa, na utaratibu ukaenda zake.

"Maziwa iko muzuri, Mama. Lakini nikikunywa, nitabaki mutoto wako. Baba mudogo iko nyuma; mi nimekuja juu ya Kayitesi."

Nyuma ya matete kicheko kilikatika. Nyirakamana alimtazama kitambo, kuanzia masikio hadi miguu, kama mtu anayekagua kitu kabla ya kukitoa nyumbani. Halafu akavuta kitenge chake, akajifunika uso, akainuka na kumpa kisogo. Athanase alijua maana yake. Mkwe ndiye anayefunikiwa uso. Amekubaliwa.

Furaha ilimpanda, akataka kumshukuru, lakini mama alikwisha kuingia ndani. Sauti yake ikasikika ikimwambia binti yake: "Ambia ule muntu aende kungojea baba yake mudogo inje."

Akangoja nje, kwenye manyunyu, njaa ikimkata. Ndani Nyirakamana alikuwa akiwagombeza vijana juu ya masikio machafu, kelele zile zile ambazo Athanase utotoni alimwomba Mungu amwondolee. Hazikumhusu tena. Hata siku moja mama asingemwita tena kwa jina lake, maana mkwe hatajwi jina.

Baadaye Kayitesi alitoka, macho chini.

"Mama anauliza, mugeni iko anasikia baridi?"

Athanase alisema hapana, akageukia zizi la ng'ombe ili Kayitesi asimwone anavyolia.