Hakosi Hata Siku

Mwaka jana nilialikwa hitima katika nyumba moja ya Mji wa Kale, na kabla kahawa haijapoa mwanamke mmoja wa rika langu akanishika goti akaniambia, "Dadako yule ni mtu wa peponi. Alifunga mpaka roho ikamtoka." Wenzake wakaitikia mashaallah. Nilikiweka kikombe chini kwa kishindo, kahawa ikaruka ikamwagikia jamvi. Zaidi ya miaka sitini wananiambia neno hilo kwa sauti hiyo hiyo ya asali, na zaidi ya miaka sitini nalimeza. Siku ile lilikataa kupita.

Ilikuwa miaka ya vita, ile vita kubwa ya Wazungu. Mchele wa kugawiwa, sukari ya kugawiwa, na unga wa manjano wenye harufu ya gunia. Nyumba yetu ilikuwa katika kichochoro kinachotokea Ndia Kuu. Baba alikuwa na duka la leso. Mama alikuwa na nyumba. Dada yangu alikuwa na miaka kumi na saba, nami kumi na mmoja. Dada alikuwa ameposwa na mtoto wa ami yetu, na tangu siku ile posa ilipokubaliwa akawekwa ndani. Chuoni asiende tena, dirishani asichungulie, barazani asikanyage. Na alikuwa msomaji, tena mzuri, akisoma Kurani wapita njia hupunguza mwendo. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Mimi nilikuwa nikiingia na kutoka kama paka, yeye akiniuliza nje kuna nini leo.

Ramadhani ya mwaka ule ilipokwisha, alilipa siku zake saba, zile ambazo mwanamke hafungi kwa sababu ya hedhi. Hilo ni la kawaida, kila msichana hulipa. Akaunga na sita za sunna. Akaendelea na Jumatatu na Alhamisi. Kisha ikawa siku moja afunga, siku moja afungua, na mwisho ikawa kila siku ya Mungu. Sisi watu wa pwani miezi yetu huihesabu kwa kufungua: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, mpaka Ramadhani irudi. Dada yangu aliivuka yote hiyo amefunga. Wao walimfungia mlango, naye akafunga kinywa.

Na walifurahi! Hilo ndilo linalonichemsha. Jirani walimtaja kama mfano mbele ya binti zao. Baba alitembea na kifua mbele. Mama akiulizwa habari za bibi harusi alijibu, "Mwanangu hakosi hata siku," na wageni wakasema Mungu amzidishie. Amzidishie nini? Bangili zake za fedha zilikuwa zikipanda mpaka kwenye kiwiko, na siku moja zikamteleza zote zikaanguka ndani ya beseni la kufulia. Katika joto la kaskazi, sisi tunajipepea kwa vipepeo vya ukindu, yeye amejitanda blanketi la sufi. Usingizi ulimkimbia, usiku alipanda na kushuka ngazi, wakasema anasali. Kila alichofanya walikuwa nacho cha kukisifia.

Na kupika! Hakuna aliyepika kama yeye mwaka ule. Kwa mchele wetu wa kupimiwa alitoa vibibi laini, vitumbua, wali wa nazi ambao punje zake hazishikani. Alipakua, akatuketisha, akatutazama tukila. Magharibi ilipoadhiniwa alikula tende moja, akanywa maji, akasema ameshiba. Chakula chake alikipenyeza kwangu chini ya leso aliyojifunga, jikoni, mama akiwa amempa mgongo. "Kula, mdogo wangu. Kula chote." Nami nilikula. Mama alipogeuka kuniuliza, "Dadako yushakula?" nilijibu, "Yushakula." Nilinenepa. Watoto wa kichochoroni walitucheka: mmoja hufunga, mmoja hufungua.

Mjukuu wangu alisomea mambo ya nafsi chuo kikuu. Siku niliyomsimulia haya alinisikiliza, kisha akauliza, "Bibi, alikuwa akipenda kuwapikia watu?" Nilishtuka. Sikuwa nimemwambia hilo bado. Akanieleza kwamba ni ugonjwa, una jina na una vitabu vyake. Kwamba mwenye nao haachi kula kwa kukosa hamu, bali chakula humjaa kichwani mchana na usiku, na njaa yenyewe humnyima usingizi. Kwamba pengine mtu aliyenyang'anywa kila kitu hushikilia kile kimoja alichobakiwa na amri nacho. Alisema kwa upole, kama mwalimu. Nilitaka kumrushia kiatu. Si yeye, maskini. Nilitaka kuwarushia wale waliokuwapo.

Kwa maana walihitaji kitabu gani? Ramadhani iliyofuata dada yangu alifunga siku thelathini kamili. Thelathini! Mama aliitangaza nyumba kwa nyumba: mwaka huu binti yangu hana hata moja ya kulipa. Wanawake wazima, wenye watoto saba na wanane, waliozaliwa na kuzeekea katika desturi hii, walilisikia hilo kwa masikio yao. Kila mmoja wao alijua kwamba msichana wa miaka kumi na minane, mzima wa afya, hawezi kufunga thelathini mfululizo. Wakasema mashaallah, wakaomba sukari ya kuazima, wakaenda zao.

Aliyeuliza ni mmoja tu, naye ni somo yake, bibi mtu mzima aliyekuwa akiwafunda wasichana wa mtaa wetu kabla ya kuolewa. Alikuja mwisho wa Mfunguo Mosi na bakuli la liwa, ule msandali wa kusaga wa kumsugulia bibi harusi mwili, harusi imekaribia. Alimvua dada nguo amsinge, akatazama, asiguse. Akamfunika. Akatoka mpaka ukumbini alipokuwa mama akichambua mchele, nami nimeketi karibu yake.

"Mwanangu, mtoto huyu siku zake huziona lini?"

"Si nakwambia, hakosi hata siku," mama akajibu, na uso ukimng'aa.

"Lilo hilo nakuuliza. Hakosi siku. Hizo siku zake zi wapi?"

Ungo ulisimama mikononi mwa mama. Niliona uso wake ukibadilika, nikadhani, alhamdulillahi, ameelewa. Hakuelewa. Alinyanyuka, akaingia chumbani, akamzaba dada kofi, tena la pili. "Ni nani? Niambie ni nani aloingia nyumba hii!" Msichana ambaye kwa mwaka mzima hakuvuka kizingiti, mbavu zake ungezihesabu toka mlangoni, mama alimdhania ana mimba. Dada hakulia. Alishika shavu, akamtazama mama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni.

Somo ndiye aliyeingia kati. "Mimba? Mimba itakaa wapi humo? Mtoto yuna ndaa! Mwaka mzima yuna ndaa, nanyi mwampigia vigelegele!"

Aliposikia neno hilo, njaa, mama aliketi sakafuni. Jioni ile ile baba alikwenda kwa shehe wake, akarudi na jibu fupi: funga inayomdhuru mtu si ibada, na kuanzia leo imeharamishwa kwake. Yalikuwa maneno ya haki, na ningependa kusema yalitosha. Lakini walidhani ugonjwa ni amri, ukitoa amri nyingine umepona. Walimpikia supu ya kuku, wakamtilia wali, wakaniketisha mimi mbele yake niwe mlinzi. Mimi! Katika nyumba ile yote walinichagua mimi.

Siku ya kwanza alitia tonge kinywani akalitafuna muda mrefu. Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Siwezi," akasema. "Nisaidie yeo tu. Kesho n'takula, wallahi." Kisha akaisukuma sahani chini ya leso, upande wangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwake. Nilikula ile supu, nikala ule wali, na chakula kile kilikuwa kitamu. Sijajisamehe kwamba kilikuwa kitamu. Mama akachungulia mlangoni.

"Yushakula?"

"Yushakula, mama."

Alicheka mama, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa. Siku tisa. Nilijua vyema kwamba nafanya vibaya, lakini dada aliniomba, na hakuna mwingine ndani ya nyumba ile aliyekuwa akimpa alichokiomba.

Siku ya kumi, asubuhi kweupe, alianguka ngazini na birika la kutawadhia mkononi. Hakuamka. Wanawake waliomwosha walitoka chumbani macho chini. Niliwatazama mmoja mmoja nikidhani sasa watasema. Kufika alasiri maneno yalikuwa yamerudi: amekufa na funga yake, nani kama yeye. Hata funga hakuwa nayo siku ile, alikatazwa! Wakaniletea sahani ya wali wa matanga. Kula, mwanangu, kula.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila mwaka ikifika Mfunguo Pili aliniuliza mara moja, tukiwa peke yetu, "Zile siku za mwisho, alikuwa akila?" Na kila mwaka nilimjibu, "Alikuwa akila, mama." Alizikwa na jibu hilo.

Basi tuko pale kwenye hitima, kahawa yangu imemwagika jamvini, na sinia la biriani likaletwa. Wakanisogezea nyama laini, kama wanavyofanya wakitaka mzee anyamaze. Mikono yangu ilibaki mapajani. Yule mwanamke akaniinamia kwa ile sauti yake ya asali.

"Kumbe nawe umefunga yeo?"

"Sikufunga," nikamwambia, kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia. "Na dadangu msimwite mfungaji tena. Alikuwa na ndaa. Mama aliuliza kama yuwala, nikamwambia yuwala, na chakula chake nilikila mimi."