Malkia wa Gunzi

Tulikuwa watoto watatu mtoni Mutomo: mimi, dada yangu Mwende, na Kasyoka wa shangazi. Nimewakumbuka juzi, mjukuu wangu Mumbua akilia kwa sababu wenye mchezo wake wa simu, ule wa malkia na majitu, wameufunga.

Sisi tulijenga mji wetu kwenye mchanga wa mto mkavu, na malkia alikuwa gunzi la mahindi. Tukasikia harufu ya mvua ya mbali, kisha mngurumo.

"Mto umekuja! Tokeni!" Mwende akaita.

Maji yakabeba mji wote.

"Wacha kulia, wewe," Kasyoka akaniambia. "Malkia amehama tu. Atarudi."

Nilimwamini, nikawa namngoja malkia ukingoni kila mto ukijaa. Leo najua mto haurudishi kitu. Malkia nadhani aliitwa Nduku. Mwende na Kasyoka wametangulia, sina mwingine wa kumuuliza, kwa hivyo wewe unayesoma, kama nimekosea jina, nirekebishe.