Mlango Ulikuwa Wazi, Mume Wangu Hakuingia

Ukuta uliniangukia asubuhi ya masika, nikiwa na mimba kubwa. Mume wangu alikuwa mlangoni, na mlango uko wazi. Hakuingia.

Msimtukane bado.

Anayebonyeza simu ni mjukuu wangu. Maneno ni yangu mimi, Mwanawema wa Kiuyu, Pemba, na mambo haya ni ya zama za Mwingereza, kabla ya Mapinduzi.

Wakristo kijijini tulikuwa nyumba chache, na majirani zetu Waislamu tukizikana na kulishana vizuri tu. Kanisa hatukuwa nalo. Mtoto wetu wa kwanza alipofariki tulimsalia uwanjani, mvua ikilowesha sanda. Safari, mume wangu, hakulisahau lile.

Jumapili moja tukasomewa habari za Daudi, alivyoapa kwamba haingii kwake wala hapandi kitandani mpaka Mungu apate makao. Wengine waliitikia amina tu, wakiwaza chakula. Safari akasimama mbele ya watu akaweka nadhiri: hakanyagi ndani ya nyumba yake mpaka nyumba ya Mungu iezekwe.

Nilidhani ni maneno ya Jumapili. Kumbe mwenzenu nimekwisha.

Akahamia barazani na jamvi lake. Chakula nampitishia dirishani. Jirani yangu, Bi Mwanabaraka, akaniuliza kwa upole kama nimeachwa. Nikamwambia ni nadhiri. Akasema nadhiri haichezewi, lakini lau angeapa kuchinja mbuzi, tungekula sote.

Nilicheka mdomoni. Moyoni nilikuwa mfungwa. Nina mume na sina. Nikilalamika, nagombana na Mungu. Nikinyamaza, tumbo linakua na baba mtu namwona kwa dirisha.

Kanisa analojenga nalo haliishi. Miti ya kujengea ikampungukia. Basi akang'oa nguzo zilizoegemeza ukuta wa chumba chetu, ukuta uliokwisha kuinama, akazipeleka kanisani. Nikamwambia masika haya hapa. Akasema Mungu atauzuia.

Mungu hakuuzuia.

Udongo ulilowa ukamwagika, na ule mti mrefu unaolala juu ya ukuta ukaja nao. Ukanilaza chini, ukanibana mapaja. Nikaita.

Safari alikuja mbio, tope mpaka magotini. Akafika kizingitini, akaganda. Akapiga ukelele kuita watu, na watu wote wako bondeni wanapalilia mpunga.

"Njoo uninyanyulie," nikamwambia.

"Mwanawema, nikiivunja nadhiri Mungu atamchukua na huyu wa tumboni."

Alikuwa analia. Mguu anaunyanyua, anaurudisha. Nilimwonea huruma, wallahi, na papo hapo ningeweza kumng'ata. Juu yangu udongo unadondoka, na mtoto tumboni katulia kimya, jambo ambalo si kawaida yake. Nikaona tutakufa wawili hapa, na huyu atatuzika kwa heshima kubwa.

Hasira ile ndiyo iliyonipa akili.

"Uliapa juu ya nyumba ya nani?"

"Yangu."

"Weye una nyumba? Hii kaijenga mama yangu, Bi Nyange, kwa kushona makawa ya kufunikia vyakula mpaka vidole vikampinda. Weye ulikuja hapa na panga na kikapu. Nyumba hii yangu mie, Safari. Na mie nakwambia karibu."

Alinitazama. Kisha akavuka.

Ule mti aliunyanyua peke yake. Akaniburura mpaka uwanjani, na hatujakaa sawa, ukuta wote ukalala. Tumboni mtoto akapiga teke. Hapo ndipo nami nikalia.

Bi Mwanabaraka aliporudi bondeni na kusimuliwa, alicheka mpaka akakaa chini. Miezi yote ile mwanamme kalala barazani bure!

Mtoto alizaliwa mzima, wa kike, tukamwita Nyange. Safari aliusimamisha kwanza ukuta wangu, akaukandika vizuri, ndipo akarudi kwenye kanisa lake. Na tangu siku ile hakuingia chumbani bila kupiga hodi. Mwanzo nilidhani ananitania. Alipiga hodi mpaka alipozeeka.

Siku ya kulifungua kanisa alipewa heshima ya kutangulia, maana jasho lilikuwa lake. Akafika mlangoni na Nyange begani, akasimama.

"Hodi," akasema.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akangoja, kama anavyongoja kwangu.

Nikamsukuma mgongoni taratibu. "Ingia, baba Nyange. Mwenyewe kakukaribisha siku nyingi."

Basi wajukuu, msome haya muelewe. Kumjengea Mungu ni jambo jema, nami ningali nafagia kanisa lile. Ila ukimtolea, toa chako. Zile nguzo zilikuwa zangu.