Kiwiko cha Nyundo

Jina la Nyundo alibandikwa na wenzake mwaka wake wa kwanza chuoni, baada ya kumgonga mchezaji wa timu ngeni kifuani mpaka akatapika pale pale chini ya kikapu. Alilicheka. Mama yake alikuwa na bucha ndogo nyuma ya stendi, na tangu utotoni Nyundo alizoea kushikilia mguu wa ng'ombe juu ya gogo huku mama akiushukia kwa shoka. Mabega yake yalijengeka hapo. Lakini nyumbani hakuna aliyempiga hata kofi. Mama yake alikuwa mtu wa maskhara, anawaita wateja "wachumba zangu" huku akiwachanganyia mafuta kwenye kilo.

Hasira alikuja kufundishwa na kocha wa timu ya mpira wa kikapu ya wanawake. Kocha huyo aliamini kwamba msichana hachezi mpaka achokozwe. Kabla ya mechi aliwaketisha kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akapita akiwazaba makofi mmoja mmoja.

"Tafuta mtu unayemchukia," aliwaambia. "Mbebe kichwani, uingie naye."

Wenzake walikuwa na watu wao. Mmoja alimbeba baba aliyewatelekeza, mwingine mjomba ambaye hakutaka hata kumtaja. Nyundo alitafuta akaambulia patupu, mpaka siku ya nusu fainali. Timu ilikuwa nyuma kwa pointi moja, akapewa mitupo huru miwili, na yote miwili ikagonga chuma ikarudi. Kocha hakumtukana. Alimwinamia sikioni, akamwambia polepole, "Sasa umempata, sivyo?"

Alikuwa amempata kweli. Tangu hapo, kila mechi, Nyundo alijifungia chooni, akajing'ata mkono mpaka aonje damu, akajipigiza kisogo ukutani huku akijiita kila jina baya alilolijua. Kisha akatoka na kwenda kucheza kama mtu anayekimbiza mwizi. Mipira iliyorudi kutoka kikapuni aliinyakua juu ya vichwa vya watu. Kocha akamfanya kapteni.

Ndipo walipokutana na timu ya Namba Tisa. Huyu, aliyeitwa hivyo kwa namba ya jezi yake, alikuwa msichana mwembamba, mwepesi, mwenye mdomo usiofungwa.

"Dada, mbona unahema kama pampu mbovu? Pumzika basi, mpira utakusubiri."

Mashabiki wakaangua kicheko. Robo ya tatu mpira ulirudi kutoka kikapuni, wakaruka wote wawili. Akiwa hewani, Nyundo aligeuza uso akamwona. Aliliona taya, akauona uwazi, akajua kiwiko kinaelekea wapi. Akakisukuma.

Mlio ule aliufahamu, maana aliusikia buchani kila asubuhi.

Namba Tisa alianguka kama gunia. Damu ikamtoka mdomoni ikasambaa sakafuni, na jino likalala ndani yake. Alijaribu kupiga kelele, lakini taya halikufunguka, ikatoka sauti ya puani tu, kama ya mtoto mchanga. Refa alipuliza faulo ya kawaida. Kila mtu alijua ni ajali, wameruka pamoja. Kocha akampigapiga Nyundo mgongoni. "Huyo ndiye ninayemtaka."

Wiki iliyofuata mikono ikamgomea. Mazoezini kila aliporuka alisikia mfupa ukilia, na viwiko vikamganda mbavuni kama vimegundishwa. Mipira ikampita. Kocha akamrushia mpira usoni, pua ikabubujika damu. "Nilidhani nafuga simba, kumbe mbuzi!" Akaurusha tena. Nyundo hakuinua hata mkono kujikinga, maana aliona ni haki yake.

Jumamosi alikwenda buchani kumsaidia mama. Alipokunja mikono ya shati ili asugue gogo, mama akaacha kisu.

"Nani kakung'ata?"

"Mbwa, mama."

"Mbwa gani ana meno ya mtu? Mimi nauza nyama, mwanangu, meno nayajua."

Nyundo akamwaga yote: choo, ukuta, taya. Mama aliketi juu ya kreti akasikiliza mpaka mwisho, bila mzaha hata mmoja. Kisha akavua aproni, akamfungia mteja mlango.

"Twende kwa huyo binti."

"Watanipiga, mama."

"Watakupiga. Twende."

Mlango ulifunguliwa na dada mkubwa wa Namba Tisa, msusi, kitana bado kikiwa nyweleni mwake. Alimtambua Nyundo papo hapo, akamchapa kofi, akamchapa la pili. Mama alisimama pembeni ameshika mkoba wake.

Ndani, Namba Tisa alikuwa kitandani, amekonda, meno yamefungwa kwa nyaya, anafyonza supu kwa mrija. Aliongea bila kufungua kinywa.

"Uliniona?"

Nyundo alijua akisema hapana, mambo yangeishia hapo.

"Nilikuona. Ningeweza kukizuia kiwiko. Sikukizuia."

Msusi akaruka kumvamia, lakini mdogo wake akamdaka gauni. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Mwache! Refa kasema bahati mbaya. Kocha wangu kasema bahati mbaya. Hata wewe, dada. Mimi peke yangu ndiye niliyeona macho yake. Nilishaanza kujiona kichaa."

Akapangusa mate yaliyomchuruzika kidevuni.

"Sikusamehe," akamwambia Nyundo. "Na nikipona, nitakuvunja."

"Haya," Nyundo akajibu.

Mechi iliyofuata, kocha alianza kupita na makofi yake. Alipomfikia Nyundo, alidakwa kifundo cha mkono. Kocha akampiga kwa mkono mwingine, mdomo ukapasuka. Nyundo akaudaka nao pia, akambana ukutani, miguu ya kocha ikining'inia nusu. Taya la kocha lilikuwa hapo hapo mbele yake, na mwili wote wa Nyundo ulilitaka. Alisimama akihema, damu ikimdondokea kifuani, wenzake wakiwa wameganda. Kisha akamshusha.

"Leo siingii na mtu," akasema.

Akatoka. Mdogo kuliko wote, mpiga pasi wa timu, akainuka akamfuata kabla kofi halijamfikia. Wengine nao wakafuata.

Kocha alimshitaki, naye Nyundo akavuliwa ukapteni. Lakini mkuu wa chuo alipowaita wasichana mmoja mmoja, walisema yote, na muhula haukuisha kabla kocha hajafungasha virago. Nyundo aliendelea kucheza, vibaya mwanzoni, akijifunza upya kuruka mikono ikiwa wazi.

Msimu uliofuata Namba Tisa alirudi, kidevu kimepinda kidogo. Mruko wa kwanza alimpiga Nyundo ubavuni. Mara ya pili kiwiko kilimpasua nyusi, damu ikamfunika jicho. Ile hasira ya zamani ikampanda, ngumi ikajikunja yenyewe. Alisimama katikati ya uwanja mpaka vidole vikaachia, kimoja kimoja. Akafungwa kitambaa, akarudi kucheza. Namba Tisa hakumpiga tena, ila aliwafunga vikapu mpaka mashabiki wao wakaanza kuondoka.

Baada ya mechi, nesi alikuwa akimshona Nyundo nyusi kwenye benchi la nje. Namba Tisa akapita na begi lake, akasimama.

"Inauma?"

"Inauma."

"Vizuri," akasema, akaenda kupanda basi la timu yake.